Maji ya chini ya ploti yako yametoka mbali

Wale hamkufika Njoro, huku Nakuru, Jumamosi kwa mkutano wa maji ya visima mmeniandikia mkiuliza nilisema nini, na wengine mmeshaambiwa nusu nusu, ati nimekataza watu kuchimba visima. Sikusema hivyo. Nimeyaandika hapa yote venye yalitoka mdomoni, picha za ukutani tu ndo nimeacha.

Wazee wetu mliokaa hapo mbele, akina mama, walimu, vijana, Bwana Chifu na wazee wa mtaa, hamjambo? Hamjambo tena? Asanteni. Nimeambiwa kuna watu wametoka Nessuit huko juu Mau asubuhi na mapema, na naona wengine wametoka huku chini mjini Nakuru, Rhonda na Kaptembwo, na hiyo imenifurahisha sana, manake leo nilitaka kuongea na watu wa juu na watu wa chini wakiwa chini ya hema moja. Haitokei mara nyingi. Mto Njoro ni mmoja lakini mikutano yetu huwa miwili, wa juu wanakutana huko juu kulaumu wa chini, na wa chini wanakutana huku chini kulaumu wa juu.

Wacha nianze na swali. Nani hapa ana kisima cha mashine kwake, ama kanisani kwao, ama shuleni anakofundisha? Inueni mikono niwaone. Sawa, ni wengi. Sasa mkono ubaki juu kama unajua hicho kisima kinatoa maji kwenye mwamba wa aina gani.

Mnaona venye mikono imeshuka? Umeuza ng'ombe, ama umechukua loni ya sacco, ama mmechangishana harambee miaka miwili, kisima kimechimbwa, na hujui kinachokupa maji huko chini ni kitu gani. Siwalaumu. Aliyechimba alichukua pesa yake akaenda, hakuna aliyekaa na nyinyi akawaeleza. Ndo maana niko hapa.

Na nitasema kitu kimoja tu leo, nitakizungusha kila upande lakini ni kimoja. Maji yaliyo chini ya ploti yako si ya ploti yako. Ni maji ya bonde. Yameingia ardhini mahali pengine, saa hii yanapita kwako, na yako njiani kwenda mahali pengine. Title deed unayo, lakini haikuandikiwa maji. Hata sheria ya maji ya 2016 inasema hivyo, rasilimali za maji zote ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya watu wa Kenya. Lakini tuache sheria kwanza, tuanze na mawe.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kuna mto unapita chini ya ardhi, na kazi ya mchimbaji ni kuutafuta ule mto aupige katikati. Ndo maana mtu anakuja na kijiti, anatembea kwa shamba, kijiti kinainama, anasema chimba hapa. Jamani, hakuna mto huko chini. Maji ya chini ya ardhi yako ndani ya mwamba wenyewe, kwenye nafasi ndogo kati ya punje za mchanga na kokoto, na kwenye nyufa za mawe magumu. Mwamba ama udongo unaoshika maji na kuyaachilia ya kutosha mtu kuyatumia, huo ndo wataalamu wanaita akwifa, na mimi leo nitauita mwamba wa maji.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, manake ndo watu hupoteza pesa. Kushika maji ni kitu kimoja, kuyaachilia ni kitu kingine. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Chukua udongo wa mfinyanzi uliojaa maji. Karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi, na nafasi yote ina maji. Utasema hapa nimepata. Lakini uache utiririke uone, utakutolea asilimia mbili tatu hivi, mengine yote yanabaki yameng'ang'ania ndani. Mchanga mkubwa una nafasi ndogo kuliko huo, kama theluthi hivi, lakini wenyewe utakuachia asilimia 20 na zaidi. Nani tajiri hapo? Wa kwanza ana maji mengi lakini hatoi, wa pili anayo machache lakini anatoa.

Na sisi watu wa Nakuru tuna jiwe letu la kutufundisha hayo. Lile jiwe jepesi tunasugulia miguu, unalitupa kwa maji linaelea. Linaelea kwa nini? Manake limejaa matundu kuliko jiwe lenyewe. Lakini yale matundu mengi yamefungwa, hili halijaungana na lile, kwa hivyo maji yanachelewa sana kuingia na yakiingia hayapiti. Matundu bila njia. Bonde letu limejaa hayo mawe na majivu ya volkano, na mtu akichimba hapo anaweza kutoboa mita nyingi sana za kitu kinachoonekana kimejaa nafasi, na bomba likakaa kavu.

Basi maji mazuri ya hapa kwetu hukaa wapi? Bonde hili limejengwa na volkano. Lava ilimwagika, ikapoa, ikakaa miaka mingi mvua na jua zikaila juu ikaoza ikawa udongo na kokoto, halafu lava nyingine ikaja ikamwagika juu yake, na nyingine, na nyingine. Imepangika kama chapati kwenye sahani, na maji hupita kati ya chapati moja na nyingine, si ndani ya chapati yenyewe. Ile sehemu iliyooza katikati, na ile sehemu lava ilipasukapasuka ikipoa, hapo ndo kwenye maji. Halafu kuna mipasuko mikubwa ya Bonde la Ufa, inakimbia kutoka kaskazini kwenda kusini, hiyo nayo saa zingine inapitisha maji na saa zingine imejazwa tope inayazuia. Na huku chini karibu na ziwa kuna mchanga na tope la ziwa la zamani, manake hili ziwa lilikuwa kubwa sana, miaka kama elfu 9 iliyopita Nakuru na Elementaita zilikuwa ziwa moja.

Ndo sasa mtaelewa kisa cha majirani wawili, naona kuna watu wanatabasamu, mnawajua. Mmoja alichimba akapata maji mazuri. Wa pili akasema kama yeye amepata na tumepakana kwa ua, mimi nakosaje? Hakuleta mtu wa kupima, akaita mashine tu. Ikaenda chini mpaka pesa ikaisha, vumbi na majivu. Wa kwanza alipiga mahali mwamba umepasuka, wa pili akapiga mahali umeshikana, na kati yao ni hatua chache. Wakaanza kusemana ati kuna uchawi. Hakuna uchawi bana, ni jiolojia! Pesa kidogo ya kuleta mtaalamu aliye na leseni apime ardhi kabla ya mashine kuja ingeokoa ile pesa yote pamoja na ujirani.

Tusonge. Nimesema maji yanapita. Nani ameyaona yakipita?

Twendeni ziwa Naivasha. Mto Malewa unaingia, mto Gilgil unaingia, hakuna mto hata mmoja unaotoka. Jua la pale linakausha maji mengi kuliko mvua inayonyeshea lile ziwa. Sasa niambieni, ziwa lisilo na mto wa kutoka, linalokaushwa na jua mwaka baada ya mwaka, linapaswa kuwa na ladha gani? Chumvi! Liwe chumvi tupu. Si Nakuru yetu ni chumvi? Si Elementaita ni chumvi? Lakini Naivasha ni maji baridi, watu wanakunywa, samaki wanavuliwa, maua yananyunyiziwa. Kwa nini?

Kwa sababu Naivasha inatoka kwa mlango wa chini. Ndo ziwa lililo juu zaidi kwenye hili bonde letu, kama mita 1,885 juu ya bahari, na Elementaita iko kama 1,780, Nakuru kama 1,760. Maji yake yanapenya chini ya ardhi yakienda kusini upande wa Longonot na Olkaria, na mengine yakija kaskazini, na yanaondoka na chumvi. Wanasayansi wamepima maji ya visima vya kusini, na hata mvuke wa visima vya stima vya Olkaria, wakakuta humo alama za maji ya ziwa Naivasha. Ziwa zima, mamilioni ya watu wanalijua, na sehemu kubwa ya hadithi yake iko chini hakuna anayeiona.

Hivyo ndo ilivyo hata hapa. Mto Njoro unaanza huko msitu wa Mau Mashariki karibu mita 3,000, unashuka, unapita Nessuit, unapita chuo cha Egerton, unapita hapa, unaingia mjini, unaishia ziwani. Si mmeona wakati wa kiangazi unavyopungua ukienda chini badala ya kuongezeka, mpaka mahali pengine unakuwa mawe matupu kabla ya ziwa? Maji mengine tumeyachukua sisi, ndiyo, tuseme ukweli. Lakini mengine yameingia kwenye nyufa za mwamba na sasa ni maji ya chini ya ardhi. Mto na kisima ni maji yale yale. Anayetia sumu ya nyanya kwenye mto huko juu anaweza kuwa anaitia kwenye kisima cha mtu hajawahi kumuona.

Na yanapita polepole. Mwaka 1856 huko Dijon, Ufaransa, injinia mmoja anaitwa Henry Darcy alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye bomba lililojaa mchanga, akaonyesha kwamba mwendo unategemea tofauti ya usawa wa maji kati ya huku na kule, na aina ya kile kitu yanachopitia. Mpaka leo hesabu yetu yote inaanzia hapo. Ukiipiga kwa mawe ya kawaida unapata mwendo wa mita chache kwa siku mahali pazuri, na mita chache kwa mwaka mahali pabaya. Kwa hivyo maji unayopampu leo yanaweza kuwa mvua iliyonyesha kabla hujazaliwa. Na mvua ya leo huko juu ni ya watoto wako.

Ndo maana inanibidi niseme kuhusu Mau, na nawaomba watu wa Nessuit mnisikilize kwa moyo mweupe, sikuja kufufua ugomvi wa ardhi. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa kwenye msitu. Watu walipewa makaratasi wakaambiwa limeni, wakalima, na mtu aliyelima kulisha watoto hana kosa kwangu. Lakini maji hayajui makaratasi. Udongo wa msitu umejaa nafasi, una mizizi na majani yaliyooza, mvua ikinyesha inaingia. Udongo uliolimwa ukashikana, ama uliokanyagwa na ng'ombe, mvua ikinyesha inateleza juu, inakuwa mafuriko Kaptembwo leo jioni na kesho hakuna kitu. Mvua ni ile ile! Kilichobadilika ni inaenda chini ama inaenda pembeni. Kwa hivyo matuta ya fanya juu, yale ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, kwa shamba la mteremko si mambo ya udongo peke yake, unamjazia maji mtu wa chini. Na blugamu, ile mikaratusi inayonywa maji, karibu na chemchemi, jamani, ng'oeni, pandeni miti ya kienyeji, hiyo hata tusibishane.

Kuna mtu ataniambia, mbona unalia maji na ziwa Nakuru limefurika? Ni kweli. Katikati ya miaka ya tisini hili ziwa lilikaribia kukauka kabisa, na tangu 2010 hivi limepanda likatoka kama kilomita za mraba 40 likapita 60, likameza lango la mbuga, likawatoa watu Mwariki kwa nyumba zao. Mvua ndo sababu kubwa, na tope tulilolipeleka nalo limeinua sakafu ya ziwa. Lakini ziwa kujaa si kisima kujaa. Ziwa ni magadi, pH yake, kile kipimo cha asidi na magadi, inakaribia 10. Ukiwa na kisima karibu na ufuo na unapampu bila kipimo, unashusha maji yako mpaka yanakuwa chini ya usawa wa ziwa, na yakishafika hapo, nini kitakuja kujaza? Fikirieni wenyewe.

Sasa pampu. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna shule moja ya mabweni, siitaji, ilichimbiwa kisima kizuri. Siku ya kwanza maji yaliruka, watoto wakapiga makofi, mkandarasi akapigwa picha akaenda. Jaribio la pampu lilifanywa kwa masaa machache tu. Wakaweka pampu kubwa. Muhula wa kwanza, maji. Muhula wa pili, kufika saa sita mchana pampu inavuta hewa na mchanga. Muhula wa tatu pampu imeungua, na jirani zake wawili wenye visima vifupi wanaamka asubuhi wanakuta vimekauka. Shida ilikuwa kisima? Hapana. Kisima kilikuwa sawa, hakuna aliyekiuliza kinaweza kutoa ngapi.

Unakiulizaje? Unapima maji yamelala mita ngapi kabla hujawasha. Unawasha pampu kwa mwendo mmoja, masaa 24 bila kuzima, na kila baada ya muda unashusha tepu unaandika yameshuka wapi. Halafu unazima, na hapa ndo wengi wanafunga vyombo waende, hapana, unakaa unapima yanavyorudi. Yakirudi haraka, mwamba unapitisha vizuri na una akiba. Yakirudi pole pole, ama yakikataa kurudi pale yalipokuwa, umeambiwa ukweli, kile ulichopiga ni mfuko mdogo, usikitegemee.

Chukua visima viwili, vyote vinatoa lita 6,000 kwa saa. Cha kwanza, maji yameshuka mita 3 tu. Hicho kinakupa lita 2,000 kwa kila mita ya kushuka. Cha pili maji yameshuka mita 60. Hicho ni lita 100 kwa kila mita. Kwa karatasi ya mkandarasi vyote vimeandikwa lita 6,000, na mmiliki wa cha pili anatembea kifua mbele! Kumbe cha pili kimeshika roho. Kwa hivyo ukiletewa ripoti, usiangalie zinatoka lita ngapi tu. Angalia zimetoka lita ngapi na maji yameshuka mita ngapi. Narudia. Lita ngapi, na mita ngapi.

Na ile kitu huwashangaza watu siku ya kuchimba, mashine imepiga maji mita 120 halafu baada ya muda yamepanda yenyewe mpaka mita 70, watu wanasema ni muujiza. Ni presha. Yale maji yalikuwa yamefungiwa chini ya tabaka lisilopitisha, na yaliingilia mahali palipo juu kuliko hapa, huko mlimani, kwa hivyo uzito wa maji yaliyo nyuma yao unayasukuma. Ukiona hivyo jua ya kwamba anayekulisha yuko mbali. Na maji ya aina hiyo ukiyapampu, presha inashuka na kushuka kwake kunasafiri mbali haraka, mtu wa kilomita moja atakusikia kwa kisima chake.

Sasa nifike kwa jambo linaloniuma. Floraidi.

Mama mmoja wa huku chini aliniletea mtoto wake wa darasa la nne, akamwambia fungua mdomo mwonyeshe. Meno ya kahawia, yamechimbika. Akaniambia, mwalimu, mimi nachemsha maji yangu kila siku, hawa watoto hawajawahi kunywa maji mabichi hata tone, makaa yananimaliza, sasa ni nini? Nikakosa pa kuanzia. Manake kuchemsha kunaua vijidudu, hilo alifanya vizuri sana na aendelee. Lakini floraidi si kijidudu, ni madini yaliyoyeyuka. Ukichemsha, mvuke unaenda, floraidi inabaki, na maji yaliyobaki yanakuwa nayo zaidi kidogo kuliko mwanzo.

Inatoka wapi? Inatoka kwa mawe yale yale yanayotupa maji. Mawe ya volkano ya hili bonde na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yetu ya chini yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kungekuwa na kalsiamu ya kutosha ingeishika floraidi ikawa mawe tena, lakini hakuna, kwa hivyo inabaki kwa maji. Na kadiri maji yanavyokaa na mwamba muda mrefu, na kadiri mwamba ulivyo moto, ndo inazidi. Kipimo kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita moja. Visima vingi vya Nakuru vinapita hapo. Si vyote! Cha huyu kinaweza kuwa sawa na cha yule kibaya, mpaka upime. Huwezi kuionja, huwezi kuinusa, haina rangi. Meno yanaharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya fizi, kwa hivyo hatari ni kwa mtoto kabla hajafika miaka 8 hivi, na ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi inaingia kwa mifupa, mtu mzima anashindwa kuinama. Watoto wetu wanaenda chuo Nairobi wanafunika mdomo wakicheka. Kwa nini tukubali hivyo na meno ya mtoto yanahitaji maji salama kwa miaka hiyo minane ya kwanza tu?

Cha kufanya kipo. Maji ya mvua ya paa karibu hayana floraidi, hayo wekeni kando kwa kunywa na kupika uji wa mtoto, ya kisima yaoshe nguo. Chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikasagwa linafanya kazi, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru wamelifanyia kazi hilo miaka mingi, lakini mifupa huchoka, lazima ibadilishwe, chujio lililochoka ni ndoo tu. Na kabla ya kisima kipya kuunganishwa kwa shule ya chekechea, peleka maji maabara kwanza. Nawaomba. Kwanza maabara, halafu bomba.

Mnakumbuka 2013 kule Turkana? Ilitangazwa dunia nzima kwamba chini ya Lotikipi kuna maji mita za ujazo bilioni 200, watu walisema kiangazi kimeisha. Walipokuja kuchimba na kupima, maji yakawa ya chumvi, hayanyweki. Yapo, lakini hayanyweki. Wakati huo huo Lodwar wanakunywa maji ya chini yaliyo kwenye mchanga kando ya mto Turkwel, mto unawajazia. Wingi si kitu bila kupima.

Na nyinyi mlio na jamaa Kisumu, wapigieni simu. Pale Nyalenda na Manyatta maji yako karibu sana, mtu anachimba kwa mkono mita chache anafikia. Lakini choo cha shimo pia ni mita chache, na ploti ni ndogo. Mvua ya masika ikija usawa wa maji unapanda, unaingia kwa choo, na kisima na choo vinakuwa kitu kimoja. Kwao floraidi si shida ya kwanza, kwao ni kipindupindu na kuhara, na huko kuchemsha na kutia dawa ndo kunaokoa. Mnaona? Dawa ya Kisumu si dawa ya Nakuru. Mwamba tofauti, kina tofauti, ugonjwa tofauti.

Basi naomba nini? Naomba kila kisima kwenye hili bonde kiwe na daftari. Shimo la kupitishia tepu liachwe pembeni ya bomba, mita ya kuhesabu maji iwekwe, na mtu mmoja apime mara moja kwa mwezi asubuhi kabla pampu haijawashwa, aandike tarehe na kina. Ni kazi ya dakika kumi, mtoto wa form two anaweza. Mwaka mmoja wa daftari utatuambia mambo ambayo hakuna mtaalamu wa kutoka nje anaweza kutuambia. Kibali cha WRA, ile mamlaka ya rasilimali za maji, na karatasi za NEMA, ile ya mazingira, tafuteni kabla ya mashine kuja, si kwa kuogopa kushikwa, ni kwa sababu hapo ndo inaandikwa jirani yako yuko umbali gani na anavuta ngapi. Na hiki chama chetu cha watumiaji maji kisiwe cha kutatua ugomvi wa mifereji peke yake, kianze kuweka hizi hesabu pamoja, za juu na za chini kwa kitabu kimoja.

Hapo nilikaa, watu wakauliza maswali, na moja lazima niliandike manake wengi mnaliuliza pia. Mzee mmoja alisimama akasema, kijana wangu, umeongea vizuri, lakini si ni rahisi, mtu achimbe tu zaidi, aende mita 300, si huko chini maji ni mengi na masafi? Nikamwambia hapana mzee wangu, kwenda chini kunakuepusha na choo cha jirani, hilo ni kweli, lakini hapa kwetu maji ya chini zaidi mara nyingi yamekaa na mwamba muda mrefu zaidi, yana joto zaidi, upande wa volkano ya Menengai kuna watu wanapata maji vuguvugu kabisa, na floraidi huwa inapanda. Halafu kila mita unayoongeza utailipia kuchimba mara moja na kupampu kila siku, iwe stima ama sola. Akauliza, kwa hivyo nisimame wapi? Nikamwambia, simama pale mtaalamu ameona tabaka lenye nyufa, fungia kwa kesingi, lile bomba la kushika kuta za kisima, yale matabaka mabaya yaliyo juu, peleka chupa maabara, na nionyeshe majibu kabla hujanunua pampu. Akasema majibu anayo tayari, ya kisima cha mtoto wake, lakini hajui kuyasoma. Jumamosi ijayo saa tatu tunakutana hapo hapo tuyasome, na yeyote aliye na karatasi yake ya maabara ama ya jaribio la pampu aje nayo.